Makali ya Namba Kumi na Moja

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Natumaini wewe hujambo, shemeji hajambo, na wanangu wanaendelea vizuri na masomo, na yule mdogo ameacha kukohoa tangu mlipokihamisha kitanda chake kutoka dirishani. Mimi huku ni mzima wa mwili. Mguu uliokuwa ukinivimba kwa kusimama kutwa kwenye meza ya kukatia vitambaa umepungua, na karakana ina kazi nyingi kwa sababu shule zinakaribia kufunguliwa na kila mzazi anataka sare ya mwanawe ishonwe kabla ya za wenzake. Kwa hiyo usije ukadhani hasira utakayoikuta humu ni ya njaa au ya ugonjwa. Nimekula, nimelala, nimeamka, na bado nimekasirika.

Barua yako niliipata Jumatatu, pamoja na ile karatasi ya Kaka uliyoikunja mara nne ndani yake. Umeniandikia kwamba mimi ni kitinda mimba na si vizuri kitinda mimba kumwekea kaka yake ngumu. Umeniandikia kwamba baba ameshatangulia, hakuna haja ya kuchokonoa, nifunike kombe mwanaharamu apite. Mwisho ukasema ni saini tu. Dada, nakuheshimu, wewe ndiye uliyenibeba mgongoni mama alipokuwa kazini, lakini hilo neno "tu" limenichoma. Saini yako naiona pale juu, ya madaha, ina mkia mrefu. Umeshuhudia kwamba visu vya baba havijawahi kukata kitu chochote tangu vilipotoka mikononi mwa mtengenezaji. Umeshuhudiaje, na tangu uolewe hujawahi kulala nyumba ile zaidi ya siku tatu mfululizo? Kaka naye ameshuhudia, yeye aliyekuwa akija Ijumaa moja na kuruka tatu, akiangalia saa tangu anavua viatu. Imebaki nafasi ya tatu, ya mtu aliyekaa na visu. Hiyo ni yangu.

Ulipoondoka nyumbani visu vilikuwa vinne na ulidhani ni mchezo wa mzee, utampita. Haukumpita. Vilifika kumi na tisa. Kila mwaka Mzee Springi, yule fundi mtengenezaji, alitoa toleo moja la visu vya kukunja vya mtindo wa zamani: kisu cha mshona viatu, kisu cha mtunza bustani, kisu cha baharia, na kadhalika, mpini wa mfupa mwaka huu, wa pembe mwaka ujao, wa mpingo mwaka unaofuata. Thelathini tu, hakuna cha thelathini na moja. Akimaliza, alikikata kielelezo cha bati vipande viwili mbele ya wanachama wote ili kisirudiwe kamwe. Kila kisu kiligongwa namba kwenye shina la bapa, na kila mwanachama alikuwa na namba yake, hiyo hiyo kila mwaka. Baba alikuwa Kumi na Moja. Pale kwenye chama chao cha wakusanya visu walikuwa hawamwiti jina. Walikuwa wakisema Kumi na Moja amefika, Kumi na Moja amepata mafua, na tulipomzika wakasema Kumi na Moja ametutoka.

Na sheria yao kuu, dada, ni kwamba kisu kisikate. Hata uzi. Kisu kilichokata, hata mara moja, wanakiita kisu cha kitunguu, na mwenye nacho anahesabiwa kuwa safu yake nzima ya visu imeharibika. Wanakuja na glavu za pamba, wanafungua, wanaangalia kwa kioo cha kukuzia kama kuna mkwaruzo, wanafunga, kinalia tak, wanasikiliza ule mlio kama watu wanaosikiliza moyo wa mgonjwa, kisha wanakirudisha kwenye kiboksi chake. Hiyo ndiyo starehe yao. Watu wazima.

Wakati huo huo, kule jikoni kwetu tulikuwa na kisu kimoja kilichofungwa waya kwenye mpini. Unakikumbuka. Ulijichana nacho kiganja ukikata mkate, ukafungwa kitambaa, na kesho yake ukaanza kukata mkate kwa kifuniko cha kopo. Visu vinne bora vilikuwa vimelala kabatini hatua sita kutoka hapo, vimepakwa mafuta. Mama aliwahi kumwambia baba kwamba mwenye kisu ndiye alaye nyama, ila nyumba hii mwenye visu anakula mkate wa kumegua. Baba alicheka. Mimi nilikuwa mdogo, nikacheka pia. Siku hizi nikikumbuka sicheki.

Sasa nikwambie mambo ya Kaka. Siku ya tatu baada ya mazishi, mimi niko uani naosha vikombe vya waombolezaji, yeye alilibeba kabati zima na rafiki yake mmoja, wakalitia kwenye gari. Hakuniambia. Nilitoka na trei mikononi nikaona alama nne za miguu ya kabati sakafuni. Nilipompigia simu aliniambia kwamba vitu vya mwanamume hurithiwa na mwanamume, na kwamba mimi kazi yangu ilikuwa kupangusa vumbi, ananishukuru kwa kupangusa vumbi. Dada, nilikaa kitako juu ya ndoo. Miaka kumi na tisa kila Jumapili mimi ndiye niliyekaa na baba mezani, mimi ndiye niliyeshika kifuniko cha kiboksi wakati yeye akipaka mafuta, na mikono yake ilipoanza kutetemeka mimi ndiye niliyepaka. Kaka hajui hata toleo lipi ni la pembe na lipi ni la mfupa. Aliwahi kuuita mpingo plastiki, mbele yangu.

Nilinyamaza. Nilijiambia damu nzito kuliko maji, acha achukue. Ningeendelea kunyamaza kama asingenialika mwezi uliopita kwenye mkutano wa chama. Hakunialika kwa heshima. Alihitaji mtu wa kumimina chai.

Wanakutana kwenye ukumbi ule wa juu ya duka la vifaa vya ofisi, wenye mapazia ya kijani na viti vinavyolia ukikaa. Walikuwa ishirini hivi. Mzee Springi aliketi mbele kwenye kiti chake chenye mto, kazeeka, mikono miwili juu ya fimbo. Kaka alivipanga visu vya baba kwenye kitambaa cheusi nilichomshonea mwenyewe, kwa sababu mimi ni mpumbavu, akiniomba kazi siwezi kukataa. Akasimama akatoa hotuba. Alisema baba alivipenda visu hivi kiasi kwamba hakuwahi kukata navyo hata uzi wa kifungo. Alisema huo ndio upendo wa kweli. Watu wakatikisa vichwa kama wako msibani.

Kaka anaviuza, na mnunuzi anayevitaka ni mwanachama mmoja, Daktari wa Meno. Si mtu mbaya, ni mtu mpole anayenusa vitu kabla ya kuvishika. Anataka safu nzima ya Kumi na Moja isivunjike, na hilo peke yake lingenifurahisha. Basi alikichukua kisu cha toleo la tisa, cha mtunza bustani. Hawa watu wana mazoea yaliyowaingia miaka ya karibuni: wanavua glavu moja na kupitisha kidole gumba kwenye makali, taratibu, ili wahisi kilivyong'arishwa. Wanajisifu kwamba wana mikono myepesi ndiyo maana hawajikati. Daktari alipitisha kidole chake, na kidole kikafunguka. Damu ilitiririka mpaka kwenye mkanda wa saa yake. Alikitazama kidole kwa mshangao, kama mtu aliyeng'atwa na picha ya mbwa ukutani.

Ukumbi wote ulisimama. Na Kaka, badala ya kutafuta kitambaa, alirukia katikati akapaza sauti kwamba jamani oneni, miaka kumi ndani ya kiboksi na bado kinachinja, hiyo ndiyo kazi ya Mzee Springi! Wakapiga makofi. Daktari mwenyewe alipiga makofi, damu inamrukia jirani yake. Mimi nilikuwa nimesimama na birika. Nilimtazama mtu mmoja tu. Mzee Springi hakupiga makofi. Alikuwa akinitazama mimi.

Baada ya hapo Daktari alivitaka zaidi ya mwanzo, ila kwa kuwa ni mtu makini, akasema anaomba karatasi ya ushahidi kutoka kwa watoto wote watatu wa marehemu. Ndipo ikazaliwa hiyo karatasi. Kaka anajua tangu mkutano ule mimi na yeye hatuongei, kwa hiyo akaituma kwako ili uniletee wewe, maana anajua wewe ndiye udhaifu wangu. Usidhani sikuliona hilo.

Jumatano Mzee Springi alikuja karakana. Alipanda ngazi za ghorofa zote tatu na fimbo yake, akakaa kwenye marobota ya kitambaa cha kaki bila kukaribishwa, akasubiri wenzangu watoke kwenda kula. Kisha akaniuliza nani aliyevinoa. Nikaendelea kupima kitambaa. Akakichukua kinoo changu kwenye dirisha, kile ninachonolea mikasi, akakigeuza, akakipapasa, akasema amepata jibu. Akasema ni kazi nzuri, pembe ya makali iko sawa mwanzo hadi mwisho, hata yeye katika ujana wake asingeona aibu nayo. Nikamwambia sijamuuliza.

Basi akanieleza, na mimi nakueleza kama alivyosema. Matoleo matano ya mwanzo aliyanoa yote kwa mkono. Kisha mwanachama mmoja akamrudishia kisu kwa sababu chini ya kioo cha kukuzia kulionekana michirizi ya jiwe kwenye makali. Mwingine akarudisha. Walitaka bapa ling'ae kama kioo kutoka mgongoni mpaka mwisho. Alijitetea kwamba kisu kilichonolewa lazima kiwe na alama ya jiwe, wakamwambia basi atafute njia. Njia aliyoipata ilikuwa kuacha kunoa. Kuanzia toleo la sita alivipiga msasa, akaving'arisha, akavifunga vikiwa butu kama rula. Alingoja alalamikiwe. Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna aliyekata. Walimsifu kwamba kazi yake imekuwa safi zaidi. Alisema alikuwa akikaa mbele yao kila mwaka akiwasubiri wamgundue, na kila mwaka aliwadharau kidogo zaidi, na yeye mwenyewe pia.

Nilimuuliza kama baba naye alimdharau. Akasema baba alikuwa rafiki yake. Hapo ndipo nilipoishiwa na adabu, dada. Nilimwambia maneno ambayo mama angenipiga kwa ajili yake. Nilimwambia rafiki humuuzii rula miaka kumi na minne ukimwambia ni kisu. Nilimwambia atoke kabla sijasahau umri wake. Mkononi nilikuwa na mkasi mkubwa wa kaki, sikumwelekezea, ila sikuuweka chini pia. Alijiinua taratibu. Akaniomba niitie saini ile karatasi: vile visu sasa ni bora kuliko vyote alivyovitoa, Daktari atavitunza, Kaka ataridhika, na jina lake litazikwa likiwa safi karibuni hivi. Alipofika mlangoni akageuka, akasema hakunyamaza peke yake. Akashuka ngazi.

Amesema kweli, na ndiyo maana nimekaa leo kukuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu.

Hospitali walipomrudisha baba nyumbani na kutuambia hakuna tena la kufanya, alikaa siku mbili kwenye kiti cha dirishani. Siku ya tatu aliniomba nimletee kisu cha toleo la kwanza na chungwa. Nilidhani homa imempanda. Nikamkumbusha sheria. Akaniambia hataki kufa akiwa ameviona tu. Akalikata chungwa, dada. Ungemwona! Alilimenya ganda lote bila kukatika, likaning'inia mpaka sakafuni, akalila na juisi ikamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, akacheka hadi akakohoa. Siku ya pili alichonga penseli kwa toleo la pili mpaka penseli ikaisha. Kwa la tatu alikata ile kamba ya plastiki yenye jina lake waliyomfunga hospitali mkononi. Kwa la nne alikata mkate, vipande vyembamba, akanilazimisha nile viwili, akasema mama yako alikuwa na haki ya kipande hiki. Kwa la tano alijikatia kucha, akajivunia. Zilikuwa siku tano nzuri kuliko miaka yangu mingi pamoja naye.

La sita halikukata. Alilibandika kwenye chungwa akasukuma, chungwa likabonyea. Akasukuma tena. Akakitazama kiganja chake, akadhani nguvu zimemwisha, akanipa mimi. Nilipitisha ukucha kwenye makali na nikajua papo hapo. Mimi nakata nguo kwa riziki, dada. Chombo kilichopoteza makali hubaki na alama ya pale makali yalipokuwa. Kile hakikuwahi kuwa nayo. Nikafungua la saba, la nane, la tisa, yote yale yale, mazuri, yanang'aa, butu. Baba akaniuliza vimepatwa na nini. Aliniuliza mimi kwa sababu aliniamini mimi katika mambo ya chuma.

Nikamdanganya. Nilimwambia chuma kikilala sana bila kufanya kazi hulegea, makali hufa yenyewe. Uongo ambao mwanafunzi wangu wa mwezi wa kwanza angeucheka. Lakini Mzee Springi alikuwa akija kila Alhamisi kucheza naye drafti, wenzake wote wengine walikuwa wameshaacha kuja, na mimi nikafikiri: nikimwambia ukweli, leo hii atapoteza visu vyake na rafiki yake kwa pamoja, na hana muda wa kupata vingine. Nilidhani namhurumia.

Aliamini. Na kwa kuwa aliamini, alijitwika yeye lawama. Alikichukua kile cha sita, akakipangusa kwa mkono wa shati, akakiomba radhi. Kwa sauti, dada, kama mtu anavyomwomba radhi mtu. Alikiambia kilizaliwa kifanye kazi, yeye akakifungia mpaka kikafa, na aliyekosa ni yeye, si chenyewe. Kesho yake akaomba cha saba, akafanya vivyo hivyo. Vyote kumi na vinne, kimoja kimoja, siku kumi na nne. Machungwa hakuyagusa tena. Mimi nilivibeba viwili viwili kwenye mkoba, nikavinoa karakana wenzangu wakiwa chakulani, nikamrudishia, nikidhani vikikata atachangamka. Alikata uzi, akatikisa kichwa, akasema asante mwanangu, lakini nimechelewa. Siku moja akaniuliza kama kuna tofauti kati ya mtu anayeua kitu na mtu anayekitunza mpaka kinakufa. Nilimwambia apumzike.

Halafu ikaja Alhamisi ya mwisho. Mzee Springi aliketi, drafti imepangwa, nami nilikuwa nikimimina chai, maana mimi katika kila aibu ya familia hii huwa nimeshika birika. Baba akamshika mkono. Akamwambia rafiki yangu, ulinipa vitu vyenye makali nikaviua kwa uchoyo, nisamehe. Mzee Springi alinitazama, nikamtazama. Wote wawili tulijua. Ilikuwa inatosha mmoja wetu afungue mdomo. Akaupapasa mkono wa baba, akamwambia yaliyopita si ndwele. Akamsamehe! Aliyekosa akamsamehe aliyekosewa, na mimi nikauliza nani anataka sukari.

Baba alifariki Jumanne iliyofuata akiamini hivyo.

Kwa hiyo usiniambie nifunike kombe. Nimelifunika hadi limeoza. Hasira yangu kwa Kaka ni kubwa, lakini yeye ni mjinga tu, anajisifia asichokijua. Hasira yangu kwa Mzee Springi ni kubwa zaidi. Iliyobaki ni yangu mwenyewe, na hiyo ndiyo inayoniamsha alfajiri. Nilikuwa na neno moja la kumwambia baba, neno fupi, ulidanganywa, na lingemkasirisha, ndiyo, angetukana, angeipindua drafti, angekufa na hasira kama hii niliyo nayo. Angekufa na haki yake. Mimi nikamwachia aibu isiyo yake azikwe nayo.

Karatasi ya Kaka nimeitia saini. Imo humu ndani, nimeikunja mara nne kama ulivyoikunja. Ila nimeyapiga mstari yale maneno yaliyopigwa chapa kwamba havijawahi kukata, na pale pa shahidi wa tatu nimeandika kwa mkono wangu, kwa kalamu isiyofutika, kwamba visu vyote kumi na tisa vilitumiwa na mwenyewe akiwa hai, na vitano vilimfurahisha. Kwamba kumi na vinne vilitoka kwa mtengenezaji bila makali, nikavinoa mimi. Na kwamba mwenyewe alikufa bila kuujua ukweli kwa sababu mimi niliyetia saini hapa chini nilimdanganya, na mtengenezaji akiwa kimya. Daktari wa Meno nimempelekea nakala jana, na nakala nyingine nimemkabidhi katibu wa chama aisome Jumamosi mbele ya wote. Mzee Springi nitakuwa nimekaa karibu naye ikisomwa. Sitamimina chai.

Kaka akikupigia simu akipiga kelele, mwache apige. Ukimaliza kuisoma barua hii msomee na yeye, usiruke kitu, hata pale nilipomwita mjinga. Wewe ukinikasirikia pia, nitakuelewa, ila niandikie, usininyamazie.

Nisalimie shemeji, mwambie suruali yake ya kaki imeshakamilika, nitaituma wiki ijayo na mtu anayepita huko. Wabusu wanangu wote kwa niaba ya mama yao mdogo, na huyo mwenye kikohozi mpe maji ya uvuguvugu kabla ya kulala. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda